Matokeo Yametoka, Kazi Ndiyo Inaanza

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba wake wote. Amma baad.

 

Maneno haya niliyasema msikitini baina ya Alasiri na Magharibi, mbele ya vijana waliomaliza Kidato cha Nne, wadogo zao ambao bado wako shuleni, na baadhi ya wazazi wetu wa hapa Osiri. Nimeombwa niyaandike ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate. Kwa hivyo nitakusemesha wewe, kana kwamba tumeketi mkeka mmoja tukingojea adhana.

Jambo langu ni moja tu. Vijana wengi wa kwetu hawakosi chuo kwa sababu ya kufeli mtihani. Wanakosa kwa sababu ya ile miezi michache baada ya matokeo. Hakuna aliyeomba nafasi, hakuna aliyeuliza, karatasi moja haikupatikana, muda ukapita. Kisha tunasema, "Ndivyo Mungu alivyopanga." Subhanallah! Mungu kapanga, lakini sisi tulifanya nini?

Usifikiri nakisia. Mwaka 2024, idara ya kuwapangia wanafunzi nafasi za vyuo, ile KUCCPS, ilitangaza nafasi za digrii kwa wanafunzi zaidi ya 153,000. Waliokuwa wamepata alama ya C+ inayohitajika walikuwa zaidi ya 201,000. Wako waliochagua diploma kwa hiari yao, na wako waliokwenda vyuo vya kibinafsi au ng'ambo. Lakini wako pia waliokaa tu nyumbani. Walikuwa na alama mkononi na hawakubisha mlango.

MIEZI YA HATARI

Matokeo ya KCSE siku hizi hutoka Januari. Maombi ya KUCCPS hufunguliwa wiki kadhaa baadaye, na kuripoti chuoni huwa ni karibu Agosti au Septemba. Kwa miaka hii, Ramadhan imekuwa ikiangukia katikati ya hapo, baada ya matokeo na karibu na wakati wa maombi. Mimi naiona hiyo ni neema. Huu ni mwezi ambao Qur'ani iliteremshwa, na amri ya kwanza kuteremshwa ilikuwa ni kusoma. Ni mwezi ambao familia inakutana mezani saa moja kila jioni. Ni wakati gani mwingine utampata baba, mama, mjomba na kijana pamoja, wote wametulia?

Lakini kwetu sisi hiyo miezi ina hatari yake. Osiri tuko kati ya ziwa na dhahabu. Kijana akimaliza mtihani Novemba, Disemba yuko machimboni, au yuko mwaloni anavuta nyavu na kuanika omena. Anasema, "Nakwenda kwa muda tu, nipate pesa ya viatu." Wala sisemi ni haramu. Wengi wetu tulisomeshwa na jasho la shimo na la mtumbwi, na mwenye kuidharau kazi ya babake hana adabu. Tatizo ni lile neno "kwa muda". Siku ya kwanza unapata kitu, siku ya tano hupati, siku ya nane unapata tena, na moyo unasema mshipa wa dhahabu uko karibu. Kule chini huna habari kama tovuti imefunguliwa au imefungwa. Ukija kutoka, wenzako wameshapangiwa vyuo.

Basi ukienda shimoni au ziwani, nenda, lakini acha mtu juu. Mwachie dada yako, mwalimu wako au imamu nambari yako ya mtihani na nambari ya simu ya kukupata, umwambie, "Maombi yakifunguliwa niite, hata kama ni usiku." Mchimbaji yeyote anajua kwamba hakuna anayeteremka shimoni bila mtu wa kushika kamba.

KILA ALAMA INA MLANGO WAKE

Wazazi wangu, hapa naomba mnisikize sana. Katika KCSE ya mwaka 2024 watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000, na waliopata C+ na kuendelea walikuwa karibu robo tu. Maana yake, katika kila vijana wanne, watatu hawakufikia alama ya digrii. Sasa nyumbani tunafanya nini na hawa watatu? Tunanuna. Tunawaambia, "Umetuaibisha." Tunawaacha, na hakuna anayekaa nao chini.

Jueni milango ilivyo. Mwenye C+ na zaidi anaweza kuomba digrii. Mwenye C- anaweza kuomba diploma. Mwenye D anaweza kuomba cheti cha ufundi. Aliye chini ya hapo, hata mwenye E, ana kozi za ufundi wa mwanzo katika vyuo vya TVET, kama vile uashi, useremala, umeme na uchomeleaji vyuma. Vyuo vya utabibu vya KMTC, ambavyo viko Migori na Homa Bay pia, kwa kozi za diploma huomba C, na kwa za cheti C-, pamoja na masomo maalumu kulingana na kozi. Na maombi ya milango hii mingi hupita palepale KUCCPS. Si ya digrii peke yake.

Tena ngazi hizi zinaunganika. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu ya mwaka 2014 ilitungwa ili mtu aweze kupanda kutoka cheti hadi diploma, na kutoka diploma hadi digrii. Fundi umeme mwenye cheti, anayefanya kazi na kusoma, hajapotea. Aliyekaa bila chochote miaka mitatu akingojea "nafasi nzuri", huyo ndiye wa kumwonea huruma.

Na wewe unayefikiria kurudia mtihani, fikiri kwa makini. Mtihani wa KCPE ulikwisha mwaka 2023, na darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027. Muda wa kurudia-rudia si mrefu kama ilivyokuwa kwa kaka zetu.

NAMNA YA KUCHAGUA

Sasa tuseme una alama yako. Wengi huchagua kozi kwa jina. "Mimi nataka udaktari." "Mimi uhandisi." Alhamdulillahi, nia ni njema. Lakini kompyuta ya KUCCPS haiangalii nia. Inaangalia mambo matatu.

La kwanza ni masomo ya lazima. Uhandisi unataka Hesabati, Fizikia na Kemia, na alama nzuri katika kila moja. Ukiwa na A- ya jumla lakini Fizikia hukuifanya, mlango huo umefungwa, hata ulie. Ukitaka kuwa mwalimu wa sekondari, unahitaji masomo mawili ya kufundishia, na katika kila moja uwe na C+ au zaidi. Kwa hiyo kabla ya kupenda kozi, soma masharti yake.

La pili ni alama za klasta, yaani alama zako katika masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo, zikipimwa pamoja na matokeo yako ya jumla. Kilele chake ni 48. Ndiyo maana wawili wenye B ileile wanaweza kwenda njia tofauti. Mmoja aliipata kwa nguvu ya Biolojia na Kemia, mwingine kwa Historia na Kiswahili. Wa kwanza aangalie upande wa afya, wa pili aangalie ualimu, sheria au uandishi wa habari. Ukiingia kwenye tovuti na nambari yako utaona klasta zako zimeshahesabiwa. Pembeni ya kozi utaona alama ya mtu wa mwisho aliyeingia miaka iliyopita. Yako ikiwa imezidi ile, una matumaini. Yako ikiwa chini sana, usiweke kozi hiyo mbele kwa kuwa tu jina lake tamu.

La tatu ni mpangilio. Unapewa nafasi kadhaa za kuchagua. Usizijaze zote kwa kozi za juu ambazo huna alama zake, na usizijaze zote kwa kozi moja. Weka ya juu unayoitamani na inayowezekana, kisha unazozifikia bila shida, na mwisho ile ambayo hata ukiipata peke yake utashukuru. Na kama hupendi kozi kabisa, usiiandike "kujaza nafasi". Ukipewa je?

Wapo wanaoniuliza, "Nimeswali istikhara, bado nahitaji kuangalia alama?" Ndugu yangu, kisa cha bedui na ngamia wake tulikisoma sote madrasa. Kamba kwanza, tawakkul baadaye. Swali istikhara, na uangalie alama.

Usione haya kuchagua kitu cha kwetu. Tumekaa juu ya dhahabu, lakini ni wangapi kati yetu wanaoijua jiolojia? Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini. Tunashika zebaki kwa mikono mitupu kunasa dhahabu. Tunahitaji watu wa maabara na wa afya ya jamii watakaotuambia ile zebaki inafanya nini kwa mama mjamzito na kwa maji ya kunywa. Tuna ziwa, na samaki wanapungua machoni petu. Nani atasomea uvuvi na ufugaji wa samaki kama si sisi? Na tangu Sheria ya Madini ya mwaka 2016 kuwatambua wachimbaji wadogo na kuweka utaratibu wa vibali, kikundi cha wachimbaji kinahitaji mtu anayeweza kusoma sheria, kuandika hesabu na kujaza fomu. Hata huyo ni msomi wa Osiri.

Na si lazima uende mbali. Chuo Kikuu cha Rongo kiko kaunti yetu ya Migori. Cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Maseno na Kisii ni majirani. Chuo cha karibu kina nauli ndogo, na ukiishiwa unga unaweza kurudi nyumbani Ijumaa.

Kwa wadogo zangu ambao bado hamjafanya mtihani: tangu mwaka 2023, alama ya jumla huhesabiwa kwa Hesabati, lugha moja mliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Kwa hiyo somo la Dini ya Kiislamu, IRE, lina uzito kama mengine. Shule zetu nyingi za huku hazina mwalimu wa IRE. Uliza mapema, kabla masomo hayajachaguliwa. Na kama shule inakubali lakini haina mwalimu, maalim wa madrasa anaweza kuombwa kusaidia.

JINA LAKO NI LIPI?

Hili linaonekana dogo, lakini linaangusha watu wetu kuliko Hesabati. Kijana cheti chake cha kuzaliwa kinasema Odhiambo. Shuleni aliandikishwa kwa jina la babu. Madrasa na nyumbani ni Abdulrahman. Kitambulisho kikaja kikiwa na herufi moja zaidi. Siku ya kuomba ufadhili, kompyuta inaona watu watatu.

Mwezi huu, fungua ile bahasha ya nyumbani. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako kama umefikisha miaka 18, vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo kama mzazi ametangulia mbele ya haki, na karatasi ya matokeo. Viweke mkekani, usome jina herufi kwa herufi. Palipo na tofauti ndogo, kiapo mbele ya wakili kinaweza kutosha. Kama ni jina kubadilika kabisa, kuna hati ya kubadili jina inayochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Inachukua muda, basi anza leo. Kwa walio Kidato cha Tatu na cha Nne, mambo ni rahisi zaidi. Rekebisheni kabla shule haijawasajili kwa mtihani. Huduma Centre ziko Migori mjini na Homa Bay. Nenda asubuhi, na ubebe nakala za kila kitu.

Tena kuna hili la saiba. Ada ya kuomba KUCCPS kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi 1,500, na hulipwa kwa simu. Anayekuambia umpe elfu kumi "akuwekee nafasi" ni mwizi, wala usimfiche kwa kuwa ni jirani. Usimwachie mtu wa saiba neno lako la siri akuchagulie wakati wewe uko nje unakunywa soda. Wako waliojikuta na kozi wasiyoijua. Kaa mbele ya kompyuta, soma ulichochagua, hakikisha kimehifadhiwa, chukua nakala. Kesho yake ingia tena uhakikishe.

PESA, NA SWALI LA RIBA

Najua mlikuwa mnaningojea hapa.

Halmashauri ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo wake kwa wanafunzi una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka. Unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Sasa Mwislamu afanye nini? Nyongeza juu ya deni, sisi tunaijua inaitwaje.

Mimi si mufti, wala sitajifanya. Masheikh wengi wanasema hii ni riba na tujiepushe nayo. Wako wanaozungumzia dharura, na dharura ina masharti yake. Ninachokiona mimi ni kwamba vijana wetu wanagawanyika mafungu mawili, na yote mawili hayapendezi. Fungu la kwanza linachukua mkopo bila kuuliza, kisha linaona haya kuingia msikitini. Fungu la pili linasema, "HELB ni haramu, kwa hivyo siombi chuo." Huyu amechanganya mambo mawili. Kupangiwa nafasi na KUCCPS si kuchukua mkopo. Nafasi unaipata kwa alama zako. Mkopo ni ombi lingine, lenye fomu nyingine. Omba nafasi kwanza. Suala la karo litafuata.

Sasa likifuata, fanya hivi. Kwanza, nenda kwa sheikh unayemwamini, na umpelekee mambo kamili: karo ni kiasi gani, familia ina nini, nyongeza ni asilimia ngapi. Usimuulize juu juu, ukija umeshaamua. Hukumu hutegemea hali ya mtu, na hali yako anaijua Allah, kisha wewe.

Pili, tofautisha mkopo na ufadhili. Mfumo mpya wa fedha za vyuo ulioanza mwaka 2023 uliweka mafungu matatu: ufadhili wa serikali usiorudishwa, mkopo, na mchango wa familia, kulingana na uwezo wa nyumba. Mfumo huo umepita mahakamani. Disemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Kwa hiyo kila mwaka soma tangazo la mwaka huo, usitegemee alichokuambia binamu yako aliyeingia miaka miwili nyuma. Na uulize wazi, kwa mdomo wako: "Nataka ufadhili bila mkopo, nifanyeje?" Wewe ni raia. Kuuliza si dhambi. Na ukijaza hali ya nyumbani, sema kweli. Kuna anayejiandika yatima na babake yuko baraza anakunywa chai! Hiyo ni haramu isiyo na ikhtilafu.

Tatu, fuata basari za eneo bunge na za kaunti pale zinapotangazwa. Chifu awe anakujua kabla ya siku ya barua. Wenye alama za juu waangalie ufadhili wa nje. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu imekuwa na mpango wa masomo kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake, na Kenya ni mojawapo ya nchi hizo. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kinapokea wanafunzi kutoka duniani kote. Jirani hapa Uganda kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988. Lakini kabla ya kupanda basi au ndege, hakikisha Tume ya Elimu ya Chuo Kikuu hapa Kenya inaitambua shahada utakayorudi nayo.

Nne, kwa wengi wetu jibu la halali liko karibu zaidi: chuo cha ufundi chenye karo ndogo, ukae nyumbani au kwa shangazi, ufanye kazi likizo, na upande ngazi pole pole. Ni njia ndefu, lakini unaweza kuitembea usiku ukalala usingizi.

NA BINTI JE?

Nilipofika hapa kwenye ule mkutano, upande wa kina mama palinyamaza. Acha niseme. Kijana wa kiume akipata D tunamtafutia chuo cha ufundi. Msichana akipata B tunamtafutia mume. Baba, sikukatazi kumwoza binti yako. Nakuomba tu umuulize yeye, na umuulize kabla maombi hayajafungwa. Kama hofu yako ni maadili, hofu hiyo ina haki. Basi fanya kazi ya kuondoa hofu. Tafuta chuo cha karibu, tafuta familia ya Kiislamu pale mjini, zungumza na jumuiya ya wanafunzi Waislamu wa chuo hicho wampokee siku ya kwanza. Sisi tulioko vyuoni tupo, tunafanya kazi hiyo. Mke wako akijifungua usiku, unataka apokewe na mkunga mwanamke. Huyo mkunga atatoka wapi kama kila binti amefungiwa?

ALIYEKAA NAYE

Nimalizie kwa historia ya kwetu. Karibu na Kendu Bay, upande wa Homa Bay, kuna mahali panaitwa Kanyadhiang. Hapo alizaliwa kijana aliyeitwa Barack Obama, mtoto wa Hussein Onyango, mzee aliyesilimu. Kijana huyo aliacha shule ya Maseno bila kumaliza, akaenda kufanya kazi za ofisini. Miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, ana mke, ana mtoto, na mlango wa chuo ulionekana umefungwa. Akasoma kwa njia ya posta. Akaandika barua kwa vyuo vingi vya Marekani, kimoja baada ya kingine. Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali, na mwaka 1959 akaondoka. Mwanawe, mwenye jina hilohilo, akaja kuwa rais wa 44 wa Marekani.

Hadithi hiyo kila mtu anaipenda kwa sababu ya mwisho wake. Mimi naipenda kwa katikati yake. Hakufika Hawaii peke yake. Mwalimu mmoja Mmarekani, Elizabeth Mooney, aliyekuwa Nairobi kwa kazi ya kufundisha watu wazima kusoma, alimsaidia na yale maombi na kumchangia gharama. Mwaka huohuo wa 1959, Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, alichangisha nauli na ndege ikawabeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Kila mmoja wa wale 81 alikuwa na mtu aliyeuza ng'ombe, aliyeandika barua, au aliyepitisha kofia kanisani, msikitini na sokoni.

Basi nauliza: hapa kwetu, nani atakaa na nani?

Hili ndilo ombi langu kwa jamaa ya msikiti wetu, na kwa msikiti wako wewe msomaji, popote ulipo. Mwezi huu, tuandike majina ya kila kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, wa kiume na wa kike, mwenye A na mwenye E. Siku mbili kwa wiki, baada ya Alasiri, meza moja na kompyuta moja viwe uani, na sisi wanafunzi wa vyuo tuliorudi tukae pale. Asiye na shilingi 1,500 ya ada achangiwe. Imamu atuongoze ni kwa sadaka, au kwa zaka kama kijana ni katika mafakiri na masikini. Walioko machimboni wapigiwe simu. Kabla ya mwezi wa Idi tuwe tumekagua hati za kila mmoja, na maombi yakifunguliwa tusikose hata jina moja katika ile orodha.

Haigharimu hata robo ya tunachotumia kwa sambusa.

Na wewe kijana, usingoje mpaka uitwe. Leo usiku ukitoka tarawehe, mwambie mzazi wako, "Baba, mama, naomba tukae chini kesho baada ya futari, nina jambo la chuo." Anza na sentensi hiyo tu.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, tupe rizki ya halali isiyo na shaka, wafungulie vijana wetu milango yao, na uwape wazazi wetu subira na afya. Tukubalie saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.